Lisome Tairi Kabla Hujalilipia

Mwenye Vitz, Passo, Demio au March akitaka gari lake lipunguze kunywa mafuta, huanza na plagi, akaja kwenye oili, kisha akamtafuta fundi wa kusafisha nozeli. Matairi humjia akilini yakishakuwa vipara. Ni hasara, kwa sababu Umoja wa Ulaya unakadiria kwamba matairi yanabeba asilimia 20 hadi 30 ya mafuta yote yanayotumiwa na gari. Huwezi kuifuta hesabu hiyo, lakini unaweza kuipunguza siku ya kununua, na karibu kila unachohitaji kujua kimeandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. Vidokezo hivi ni vya mwenye gari dogo anayeishi kwenye joto, anayepita lami, mashimo na madimbwi ya masika kwa wiki moja.

1. Hakikisha kwanza kwamba si tairi la theluji

Hiki kinatangulia vingine vyote. Magari yetu mengi madogo yanatoka Japani, na huko, hasa Hokkaido na mikoa ya kaskazini, wenye magari hufunga matairi ya theluji msimu wa baridi ukiingia. Gari likiuzwa Januari linapakiwa melini na matairi hayo hayo. Mengine yanatufikia kama mitumba na kupangwa barabarani yakiwa yamepakwa dawa ya kung'arisha. Yanavutia macho: kashata zake, yaani ile michoro inayokanyaga lami, ni nene na zimesimama vizuri. Mnunuzi anaona tairi lenye maisha marefu kwa bei ya chini.

Lakini mpira wake ni laini kwa makusudi. Umetengenezwa ubaki mnyumbufu joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, wakati mpira wa tairi la majira ya joto unapoanza kuwa mgumu. Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza hakuna siku lami inafika huko. Hata Njombe na Limuru, Julai yenye ukungu, ubaridi wa namna hiyo ukitokea alfajiri unaondoka mapema. Kwenye lami yetu ya saa saba mchana, tairi la theluji linalegea, linapata moto, linaisha haraka, linasimama mbali zaidi ukikanyaga breki, na linabingirika kwa uzito unaoulipia kila unapoingia sheli.

Litambue hivi. Tazama ubavuni kama kuna neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kariri na majina ya kibiashara: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop. Kisha tazama kashata zenyewe. Kila kipande kitakuwa na michanjo myembamba mingi ya mawimbi, kama kimechanjwa kwa wembe. Alama ya M+S peke yake haitoshi kukupa hukumu, kwa kuwa inaonekana pia kwenye matairi ya misimu yote na ya magari ya juu. Gari likifika bandarini na matairi ya theluji, badilisha kabla ya safari ndefu ya kwanza, hata kama muuzaji anakuhakikishia kuwa ni mapya.

2. Jua mafuta yanapotelea wapi

Tairi likizunguka, sehemu inayogusa lami inabonyea, kisha inarudi. Mpira ni kama donge la unga wa chapati: kila ukiukanda unakula nguvu, na hiyo nguvu hairudi yote. Inageuka joto. Ndiyo maana ukishika tairi baada ya mwendo mrefu unakuta limechemka. Nguvu hiyo ilitoka kwenye tenki lako.

Kwa miaka mingi watengenezaji walibanwa: mpira uliobingirika kwa wepesi uliteleza kwenye maji, na ulioshika maji vizuri ulikula mafuta. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni tairi ambalo sehemu ya masizi meusi yanayochanganywa kwenye mpira ilikuwa imebadilishwa na silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika ilipunguza joto linalopotea bila kuua uwezo wa kushika lami yenye maji. Leo kampuni kubwa zote zinatumia njia hiyo. Tunaweza kudai mambo mawili kwa pamoja, na tuyadai.

3. Soma lebo, ya Ulaya au ya Japani

Lebo ya Ulaya ni karatasi yenye rangi kuanzia kijani hadi nyekundu. Utaikuta kwenye baadhi ya matairi mapya yanayoletwa kwetu, hata yaliyotengenezwa China. Tangu Mei 2021 inaonyesha madaraja A hadi E. Picha ya pampu ya mafuta inakueleza wepesi wa kubingirika, wingu la mvua linakueleza breki kwenye maji, na spika inakueleza kelele kwa desibeli. Usinunue ukiwa umeangalia pampu tu.

Wajapani walianza mfumo wao mwaka 2010. Upande wa mafuta wanaandika AAA, AA, A, B na C kwa herufi kubwa. Upande wa maji wanaandika a, b, c na d kwa herufi ndogo. Tairi linahesabiwa kuwa la kuokoa mafuta likiwa na A au zaidi kwenye mafuta na likiwa limepata daraja lolote kati ya hayo manne kwenye maji. Vipimo vya mafuta vinakaribiana sana na vya Ulaya: AAA ya Japani ni sawa na A ya Ulaya, AA ni B, na A ni C. Kumbuka hili dukani, ili mtu asikwambie kuwa A ya Japani ndiyo bora kuliko zote.

Majina mengine yanakupa dokezo la nia ya mtengenezaji: Ecopia, BluEarth, Enasave, NanoEnergy, Energy Saver. Hayo ni dokezo tu. Daraja ni la saizi moja mahususi, wala si la jina. Tairi lenye jina hilohilo linaweza kupata B likiwa la ringi 16 na kupata D likiwa la ringi 14. Matairi madogo yanajikunja zaidi kila mzunguko, kwa hiyo si rahisi yapate alama za juu. Ukilikosa la A kwenye saizi ya Vitz au Passo, usihangaike mji mzima. C kwenye mafuta na B kwenye maji ni ununuzi mzuri kabisa wa gari dogo.

4. Usiuze breki ili ununue mafuta

Hapa nina msimamo, na sitaulegeza. Ukikuta matairi mawili, moja lina A ya mafuta na D ya maji, jingine lina C ya mafuta na B ya maji, chukua la pili. Kwenye mfumo wa kwanza wa lebo ya Ulaya, tofauti ya kusimama kati ya tairi la A na la F kwenye lami yenye maji, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ilikadiriwa kufika mita 18. Hizo ni zaidi ya Vitz nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Daraja moja tu kushuka ni mita 3 au zaidi.

Fikiria mvua ya kwanza ya vuli, maji yanapochanganyika na vumbi na oili iliyokaa barabarani miezi yote ya ukame, bodaboda inakatiza mbele yako na watoto wametoka shule. Mita 3 ni nyingi mno. Lita chache za mwezi hazina uzito wowote mbele yake.

5. Ringi kubwa inakula, saizi ya kiwandani inatosha

Ubavuni mwa tairi la Vitz ya lita 1.0 ya kizazi cha pili utakuta 165/70R14 81S. 165 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana huo. 14 ni ringi kwa inchi. 81 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 462, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Namba ya uzito na herufi ya mwendo zinaweza kupanda, ila usikubali zishuke chini ya zile za kiwandani.

Ukikosa saizi yako, iko inayokaribiana. 175/65R14 ina kimo cha jumla cha milimita 583, dhidi ya 587 za 165/70R14. Tofauti haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo spidi mita haitakudanganya. Kuhama kwenda ringi 16 yenye tairi pana na ubavu mwembamba ni habari nyingine. Gari linapendeza, sikatai, lakini tairi pana linasukuma hewa zaidi, ringi nzito inadai nguvu kila taa ikiwaka kijani, na ubavu mwembamba hauna pa kujificha ukikutana na shimo. Injini ya lita 1.0 itaulipia urembo huo kila siku.

6. Barabara yako ni ipi?

Kama kutoka nyumbani hadi lami kuna kilomita kadhaa za mawe na makorongo, na unazipita asubuhi na jioni, usichague kwa lebo peke yake. Baadhi ya matairi ya kuokoa mafuta yamepunguzwa unene wa kashata na wa ubavu ili yawe mepesi. Yakutane na mawe makali kila siku, utamjua fundi pancha kwa jina la mtoto wake. Uliza kina cha kashata: milimita 7 hadi 8 kwa tairi jipya ni kawaida. Uliza pia kama saizi yako ipo yenye alama ya XL, yaani iliyoimarishwa kubeba zaidi. Ukipoteza daraja moja la mafuta kwa ajili ya ubavu imara, umenunua kwa busara.

Lakini usirukie kwenye matairi ya kashata kubwa za njia ya tope kwa sababu ya kipande hicho cha barabara. Kwenye gari dogo yanavuma, ni mazito, na yanakula mafuta kwenye lami unayoitumia safari nzima iliyobaki.

7. Tarehe ya kuzaliwa ya tairi

Tafuta herufi DOT, kisha namba nne za mwisho ndani ya kiduara kirefu. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Ziko upande mmoja tu wa matairi mengi, kwa hiyo mwambie muuzaji aligeuze. Mpira unazeeka hata usipoguswa, na tairi lililopangwa nje likichomwa na jua la pwani linazeeka haraka zaidi. Mimi nakataa "jipya" lililopita miaka miwili tangu kutengenezwa, na mtumba wowote uliopita mitano. Ukiona nyufa ndogo ndogo kwenye mikunjo ya ubavu, achana nalo hata kama kashata zimejaa.

8. Piga hesabu yako mwenyewe

Chukua gari linalokunywa lita 6 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 900. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukipunguza ukinzani wa kubingirika kwa asilimia 10, mafuta yanapungua asilimia 1 hadi 2. Kutoka katikati ya daraja C hadi A ni pungufu ya asilimia 25 hivi ya ukinzani, yaani asilimia 2.5 hadi 5 ya mafuta. Kwa gari letu ni lita 22 hadi 45 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya sheli ya mtaani kwako, zidisha tena kwa miaka unayotarajia matairi yadumu, kisha linganisha na tofauti ya bei ya seti mbili unazozichagua.

Anayetembea kilomita 5,000 kwa mwaka anaweza kuona haimlipi, na atakuwa sahihi. Dereva wa teksi ya mtandaoni anayemaliza kilomita 40,000 ataona jibu mara moja. Kwake kila daraja ni pesa ya kula.

9. Upepo: bei yake ni sifuri

Unaweza kununua tairi la AAA na kulipunguzia faida yake kwa uvivu wa kujaza upepo. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote inaongeza matumizi kwa asilimia 0.2 hivi. Gari linalotakiwa 33 likitembea na 25 linapoteza asilimia 1.6. Si kubwa kwenye karatasi, lakini pamoja nayo kingo za tairi zinaliwa, ubavu unapata moto, na tairi lenye moto kwenye safari ya Dar hadi Dodoma ndilo linalopasuka.

Kiwango sahihi kiko kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Gari likitoka Japani stika huandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi: 220 ni 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi, mara nyingi 44 au 51, ni kikomo cha juu cha tairi, si kiwango cha gari lako. Fundi akijaza hadi hapo, gari litarukaruka, katikati ya kashata itaisha na breki zitapungua nguvu kwenye changarawe. Mwambie kwa upole apunguze.

Nunua kipimo chako mwenyewe, kwa kuwa vipimo vya kwenye kompresa huangushwa chini mchana kutwa na havielewani. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima tairi likiwa na moto utakuta psi kadhaa za ziada. Usizitoe.

Wanaosafiri kati ya nyanda za juu na pwani wana jambo lao. Mbeya na Nairobi ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukijaza 33 huko ukashuka Dar au Mombasa, hewa nzito ya pwani inafanya kipimo kisome pungufu kwa psi 2 hadi 3, na joto linarudisha sehemu yake. Ukilala pwani, pima kesho yake asubuhi kabla ya shughuli nyingine.

Nitrojeni? Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya nitrojeni tayari. Kama ni bure, pokea. Kama inalipiwa, nunua kipimo.

10. Manne kwa pamoja, au mawili nyuma

Faida ya mafuta inaonekana vizuri ukibadilisha yote manne. Mfuko ukiruhusu mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi watabisha. Mkia wa gari ukiteleza kwenye maji ni vigumu zaidi kuurudisha kuliko pua. Mapya mawili yafanane, na yasichanganywe kulia na kushoto na ya aina nyingine.

Siku hiyohiyo fanya alaimenti na balansi. Gurudumu lililopinda kidogo kuelekea ndani au nje linaburuzwa ubavu kilomita zote, na hakuna lebo itakayokuokoa. Usukani uliokaa upande gari likiwa limenyooka, au tairi lililoliwa upande mmoja, ni dalili tosha.

11. Pima baada ya kilomita 1,000

Wengi hufunga matairi mapya, wakajaza tenki, wakaona gari linakunywa zaidi, wakaenda kugombana na muuzaji. Kuna sababu mbili za haki. Kashata ndefu za tairi jipya zinajikunja zaidi kuliko zilizoliwa, hivyo kipara huwa chepesi kubingirika kuliko jipya, ingawa kwenye maji ni hatari. Pia tairi jipya lina kimo kikubwa kidogo. Kama ya zamani yalibaki milimita 2 na mapya yana 8, mzingo umeongezeka asilimia 2 hivi. Mita ya gari sasa inahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea kweli, na hesabu yako ya lita kwa kilomita inaonekana mbaya kwa asilimia hizo hizo.

Kwa hiyo endesha taratibu kilomita 200 hadi 300 za mwanzo mpira uzoee na utando wa kiwandani uishe. Ukifika 1,000, jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, andika namba ya mita nyuma ya risiti. Rudi pampu hiyohiyo tenki likikaribia robo, jaza tena hadi ikate, gawanya lita kwa kilomita, uzidishe kwa 100. Rudia mara tatu uchukue wastani. Fananisha na wastani wa matairi ya zamani yalipokuwa bado na kashata, ukiwa unao; la sivyo, anza kuweka risiti hizo sasa, kabla hujaenda dukani.